Zawadi ya Chuma kwa Mwalimu Sebastiani

Mwenye kovu usidhani kapoa. Evod, fundi redio wa Kibaoni pale Ifakara, alikuwa na kovu la miaka arobaini na sita, na kila asubuhi alilikuna kidogo lisije likapona.

Kovu hilo alilitiwa na Mwalimu Sebastiani, mwalimu wa kwaya, mzee aliyepita themanini sasa, aliyefundisha nusu ya mji kuimba na kuheshimiwa na nusu iliyobaki. Watoto walimwamkia akiwa bado mbali. Evod hakumpa shikamoo tangu mwaka 1979. Wakikutana sokoni, Evod aligeukia mafungu ya nyanya akayakagua moja moja mpaka Mwalimu apite. Redio ya nyumba ya Mwalimu ikiletwa kwake, hata ikiletwa na mjukuu, aliitambua kwa kitambaa cha kufuma ilichovalishwa, akasema spea hakuna. Mara moja tu aliipokea. Aliitengeneza vizuri kabisa, ikashika kila kituo isipokuwa kile kilichorusha misa ya Jumapili. Mkewe, Dorika, akikumbushwa kisa hicho hujifunika uso kwa khanga, sijui kwa aibu, sijui kwa kicheko. Na beberu wa pale nyumbani, mwenye ndevu na sauti ya kukwaruza, aliitwa Mwalimu. "Mwalimu, toka kwenye mpunga wa watu!" Evod alikuwa akipaza sauti, hasa siku wakiwa na wageni.

Kabla hujamcheka, sikia alivyotendwa.

Mwaka huo wa 1979 Evod alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mpiga gitaa la solo katika bendi ya Vijana Lumemo. Kiongozi wa bendi alikuwa huyohuyo Sebastiani, maana siku za kazi alifundisha kwaya, na Jumamosi alifundisha dansi. Evod alitunga wimbo usio na maneno, gitaa linaongea peke yake, besi na ngoma zinaitikia nyuma. Aliuita "Pantoni", kwa kuwa mwendo wake ulikuwa wa kile kivuko kilichovusha watu mto Kilombero kabla daraja halijajengwa: unaondoka polepole, unayumba katikati ya maji, kisha unagonga ukingo. Watu walikuwa wakiuomba mara tatu kwa usiku mmoja. Mwalimu akasema, huu tuurekodi, tuupeleke Dar es Salaam, wenye kumbi wausikie, watuite.

Rekoda ilikuwepo. Mwinyimvua, mwenye duka la vitambaa aliyetoka pwani, alikuwa nayo moja ya magurudumu mawili ya tepu, ya kubebwa na watu wawili, na ilitaka umeme wa ukutani. Umeme wa kutegemea ndio haukuwepo. Basi wakaenda kurekodi mahali ambapo mtu wa Dar asingepaota: kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Haruni, kwa sababu injini yake ilikuwa na dainamo ya kuwashia taa. Walikaa chumba cha stoo, wakapanga magunia ya pumba ukutani kuzuia ngurumo, wakapitisha waya dirishani. Haruni aliombwa asikoboe mpaka wamalize, injini izunguke tupu. Lakini ulikuwa mwezi wa sita, mavuno yamepamba moto, na foleni ya akina mama na magunia yao ilikuwa imefika barabarani. Nani angemzuia Haruni siku nzima? Injini ilianza vizuri, halafu katikati ya kazi ikashusha pumzi. Waliokuwa stoo waliisikia, wakaupiga wimbo hivyohivyo.

Siku ya pili tepu ikapigwa misheni, penye jenereta zima. Mwalimu alikaa kwenye kinanda chake akaitafuta sauti ya gitaa. Hakuipata. Akibonyeza kitufe hiki, gitaa liko juu. Akibonyeza kinachofuata, gitaa liko chini. Lilikuwa limekaa katikati ya vitufe viwili, mahali ambapo kinanda hakina kitu. Besi na ridhimu navyo vilikuwa hapohapo, lakini vilikazwa kwa kulifuata gitaa la Evod.

"Kinanda hakidanganyi," Mwalimu alisema mbele ya bendi nzima. "Evod, vidole unavyo. Masikio huna."

"Lakini Mwalimu, nyuzi nilizikazia kwa kinanda hikihiki, asubuhi ileile!"

"Basi ulikuwa unakisikiliza kwa magoti."

Bendi ikaangua kicheko. Hata mpiga besi, aliyekuwa rafiki yake wa damu, alicheka mpaka akashika ukuta. Tepu ikapelekwa Dar hivyohivyo, na baada ya wiki tatu ikarudi na barua: wimbo ni mzuri, mje, ila mje na mpiga solo mwingine, huyu gitaa lake halilingani na kinanda chetu. Lukelo, aliyekuwa akipiga ridhimu, akapewa solo. Vijana Lumemo wakapanda treni wakaenda kupiga Dar miaka mitatu, wakarudi na suti na hadithi zisizoisha. Evod alibaki Mofu, kwenye shamba la mpunga la kwao, akifukuza ndege kwa kopo na mawe.

Jina nalo likamganda. Masikio Huna. Alikwenda Mlimba kuomba kazi kwenye bendi ya kule, wakamuuliza, ndiye wewe yule asiye na masikio? Alipanda Mahenge, jina lilikuwa limemtangulia. Akipita njiani, wenye utani wa kishenzi waliyavuta masikio yao. Mtu akifukuzwa kwa wizi, watu husahau akishazeeka. Lakini mpiga muziki akiambiwa hana masikio, ataambiwa mpaka kaburini.

Alijifunza ufundi redio kwa hasira, sitaki kumpamba. Alitaka kuijua ile mashine iliyomshuhudia uongo. Na ilipofika mwaka 1986 aliijua. Mota ya rekoda ya aina ile haina akili yake, inafuata umeme unaoletewa. Injini ikibebeshwa mzigo wa kukoboa, inazunguka polepole, dainamo inazunguka polepole, mota inafuata, tepu inapita polepole. Tepu hiyohiyo ukiipiga baadaye kwenye umeme mzima, inakwenda mbio kuliko ilivyorekodiwa, na kila kilichomo kinapanda juu, gitaa, ngoma, hata chafya ya mtu. Nyuzi za Evod zilikuwa sawasawa siku ile. Kilichopanda ni tepu.

Ila kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulithibitisha ni kingine. Tepu yenyewe ilikuwa imepotelea kwenye stoo ya Mwinyimvua, na hata ingekuwepo, nani angesikiliza neno la Masikio Huna dhidi ya neno la Mwalimu? Evod akanyamaza. Akaoa, akazaa, akatengeneza redio za Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, akatengeneza spika za kanisa na za msikiti bila ubaguzi. Na beberu mmoja akifa, aliyefuata alirithi jina.

Mwaka jana Samia, mjukuu wa Mwinyimvua, alipokuwa akisafisha stoo ya babu yake, aliikuta ile tepu. Binti huyo anaipenda kazi ya muziki, ndiye anayepiga muziki kwenye sherehe nyingi za mji. Aliipeleka Dar ikasafishwa na kuwekwa kwenye simu, na baada ya mwezi "Pantoni" ilikuwa kila mahali, madereva wa bajaji wanaipiga, vijana wa saluni wanaipiga. Redio ya mjini ikamwalika Mwalimu Sebastiani aeleze historia yake. Mtangazaji akamuuliza, mbona gitaa linasikika kama limepanda kidogo? Mwalimu akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Ah, yule kijana alikuwa na vidole," alisema. "Masikio ndiyo yalikuwa hayapo."

Evod alikuwa kibandani kwake akitia lehemu kwenye redio ya mteja, na maneno hayo yalitoka kwenye redio hiyohiyo aliyokuwa ameishika. Lehemu ilimdondokea kidoleni, hakuisikia. Mteja, mtu aliyezaliwa ile bendi imeshakufa zamani, aliyavuta masikio yake kwa utani. Kumbe hata kizazi hiki kilikuwa kimeshafundishwa!

Siku ileile alikwenda kwa Samia akaomba arushiwe wimbo kwenye simu. Akausikiliza siku tatu mfululizo, spika ndogo zimechomekwa masikioni, Dorika akimwita chakula haitiki. Siku ya nne alisikia kitu mwishoni kabisa, uzi wa mwisho ukishanyamaza, kabla rekoda haijazimwa. Mbali, nyuma ya ngurumo ya injini, chuma kilikuwa kikigongwa. Mara tatu.

Alikitambua palepale. Nyuma ya mashine ya Haruni kulikuwa na shule ya msingi, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoachwa na wajenzi wa njia ya treni. Mashine ilikufa zamani. Kile kipande cha reli mpaka leo kinaning'inia kwa waya wake, na mwalimu wa zamu anakigonga kwa bolti.

Kesho yake, kabla ya mapumziko ya saa nne, Evod alikuwa amesimama kwenye uzio wa shule na gitaa lake la zamani kifuani. Reli ikagongwa. Akaitafuta sauti yake kwenye nyuzi, akaipata. Akafungua simu, akaisikiliza reli ya mwaka 1979. Ilikuwa juu. Haikufika sauti inayofuata ya gitaa, ilikaa katikati, mahali palepale ambapo gitaa lake lilikuwa limekaa kwenye kile kinanda. Akacheka peke yake, akacheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kumuuliza, mzee, uko salama? Chuma cha reli hakikazwi nyuzi na mtu. Kama Evod hakuwa na masikio, basi na reli ilikuwa imepiga nje ya sauti.

Dorika aliposimuliwa, alipiga makofi ya furaha. "Sasa nenda nyumbani kwake, Baba Eliza. Mkae, mweleze, yaishe."

"Yeye alikuja nyumbani kwangu? Alinisema mbele ya watu. Mbele ya watu ndipo atakaponisafisha, kwa mdomo wake. Sitaki kingine duniani."

"Ni mzee sasa."

"Na mimi alinizeesha nikiwa kijana."

Jubilei ya miaka hamsini ya Mwalimu katika kwaya ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa nane, ukumbini, mchana. Wiki moja kabla, Evod alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, akiangalia chini, kwamba amefikiri, na kwamba atampelekea Mwalimu zawadi. Dorika alilia. Alitoa kitenge chake kipya, ambacho hakijawahi kuvaliwa, cha kufungia zawadi hiyo. Hakuuliza ni kitu gani. Alidhani ni jiko la gesi. Naye Evod hakusema uongo hata mmoja: alimwambia mkuu wa shule kwamba anaiazima ile reli kwa ajili ya sherehe, na ilikuwa kweli.

Mnajua zawadi zinavyopelekwa kwetu. Mshereheshaji anataja jina, muziki unapigwa, wahusika wanakwenda mbele wakicheza polepole, wanazunguka kidogo ili kila mtu aone, ndipo wanakabidhi. Walitangulia wanakwaya na mashuka. Wakafuata wazazi wa Kipaimara na mbuzi aliyegoma katikati ya ukumbi. Mshereheshaji, Venance, akasoma karatasi yake, akasita, akasoma tena.

"Mzee Evod na mkewe, kutoka Kibaoni!"

Ukumbi mzima uligeuka. Wote walijua. Dorika alitangulia akicheza, mikono juu, uso unang'aa, na nyuma yake Evod akisukuma toroli lililofunikwa kitenge. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akafuta machozi. Mwalimu Sebastiani, kwenye kiti chake cha mapambo, shada la maua shingoni, alinyanyuka kwa fimbo yake kumpokea aliyemkimbia miaka yote hiyo. Alinyoosha mkono.

Evod hakuupokea. Alifunua kitenge.

"Nimemletea Mwalimu kengele ya shule," alisema, kipaza sauti ameshakitoa mkononi mwa Venance. "Ile ya nyuma ya mashine ya Haruni. Samia, mwanangu, hebu tupigie 'Pantoni', ile sehemu ya mwisho tu. Rudia mpaka niseme basi."

Samia, aliyedhani ni sehemu ya sherehe, akapiga. Uzi wa mwisho ukanyamaza kwenye maspika makubwa, na reli ya zamani ikalia mara tatu. Evod akainyanyua reli kwa waya wake, mishipa imemtoka shingoni, akaigonga kwa bolti mara tatu. Hata aliyekuwa hajui muziki alisikia. Ilikuwa kengele ileile, lakini kwenye tepu ilisikika kama imefinywa. Samia akarudia, Evod akagonga tena.

"Niambieni, na hii reli nayo haina masikio?"

Kicheko kilianzia nyuma kwa vijana, kikaja mbele kama maji ya mafuriko. Kwa maneno machache Evod akaeleza habari ya injini, dainamo na tepu, na mafundi waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Huyu alikuwa amepewa miaka arobaini, na sita ya nyongeza. Evod aliwaangalia watu wakimcheka Mwalimu, na kila kicheko alikisikia kikimwingia tumboni kama uji wa moto asubuhi ya baridi.

Mwalimu hakukaa. Alingoja mpaka wakanyamaza, kama alivyokuwa akiwangoja darasani.

"Nilijua," alisema.

Venance alimsogezea kipaza sauti kingine.

"Nilijua mwezi uleule. Kwenye tepu, kabla tu ya 'Pantoni' kuanza, kulikuwa na sauti yangu nikihesabu, moja, mbili, tatu, nne. Ilikuwa nyembamba, kama si yangu. Nikaelewa. Nikaikata kwa mkasi."

"Kwa nini hukusema?"

"Barua ilikuwa imeshakuja. Lukelo alikuwa ameshashonewa suti. Na mimi nilikuwa nimeshatamka." Kisha kiburi chake cha zamani kikampanda usoni, akaikaza fimbo. "Lakini na wewe usisimame hapo kama malaika. Haruni tulimwomba asikoboe. Nani alitoka stoo tulipopumzika katikati ya kazi, akamwambia afunge mkanda wa kukobolea? Mama yako alikuja na magunia mawili kutoka Mofu, akawa amesimama juani. Ulimwona dirishani. Ukaweka gitaa chini, ukamwambia Haruni amkobolee kwanza. Injini uliishusha wewe mwenyewe, Evod."

Hapo hakuna aliyecheka. Evod alikuwa amelisahau jambo hilo, kwa namna mtu anavyosahau asichokitaka. Sasa lilimrudia lote. Mama yake ameegemea ukuta, miguu imevimba, kwenye vidole tope la Mofu limekauka. Kumwacha mzazi wako kwenye foleni na wewe umekaa ndani na gitaa, kwao haikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Alimwita Haruni, Haruni akafunga mkanda, mama akaitikia, ahsante mwanangu. Yule mama alifariki akijua mwanawe hana masikio.

"Kweli," Evod alisema. "Nilimwambia Haruni. Na leo ningemwambia tena. Mama yangu asingeungua jua ili wewe upate tepu nzuri. Injini ni yangu, naichukua. Lakini mimi sikuijia injini. Nimeyajia masikio yangu. Ulijua, na ukanyamaza. Sema."

Mwalimu alitazama watu wake, wanakwaya wa miaka hamsini, sare zao mpya.

"Evod masikio yake ni mazima," alisema. "Yalikuwa mazima tangu siku ile. Mwongo ni mimi."

Makofi yalilipuka. Watu walisimama, vigelegele vikarudi, na Paulina, mwenyekiti wa kwaya, alimfuta Mwalimu machozi kwa leso yake. Dorika alimshika mumewe mkono.

"Yameisha, Baba Eliza. Mpe mkono."

Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Wapo wasemao kisasi kikishapatikana huwa kichungu. Evod alikionja, kikawa kitamu kuliko alivyokuwa akikiota, na mtu aliyelala njaa miaka arobaini na sita hashibi kwa tonge moja.

"Huo ulikuwa wa mwaka sabini na tisa," alisema kwenye kipaza sauti. "Bado wa themanini. Tena."

Watu walidhani anatania. Mwalimu akarudia, na makofi yakapigwa, machache.

"Themanini na moja. Tena."

Mwalimu akarudia. Fimbo aliishika kwa mikono miwili, Paulina akamsogezea kiti chake. Evod akakisogeza kiti kwa mguu. Venance alinyoosha mkono achukue kipaza sauti, Evod akakificha mgongoni mpaka Venance akarudi nyuma. Samia alizima muziki. Wale vijana waliokuwa wakicheka nyuma sasa waliangalia sakafu.

"Themanini na mbili."

"Evod masikio yake," Mwalimu alisema, akakohoa, "masikio yake ni mazima."

Dorika aliuachia mkono wa mumewe. Alikichukua kitenge chake kutoka kwenye toroli, akakikung'uta kutu ya reli, akakikunja mara nne, akaelekea mlangoni bila kugeuka. Akina mama wawili wakamfuata, kisha meza nzima. Evod alimsindikiza mkewe kwa macho mpaka alipotoka nje, kwenye jua. Ndipo akamgeukia Mwalimu.

"Themanini na tatu," akasema. "Tena."